Maji ya kisima yananuka mayai viza: kaboni, hewa, klorini, au ubadilishe tu fimbo ya hita?

Maji ya kisima yakianza kunuka mayai viza, swali la kwanza la watu wengi ni "ninunue filta gani", na muuza filta naye haulizi kitu, filta anayo, mnamalizana hapo hapo. Baada ya muda harufu imerudi, filta inalaumiwa, fundi analaumiwa, kisima kinalaumiwa, kumbe shida ilikuwa kwenye hita ya bafuni muda wote. Ndo maana huu ulinganisho siuanzii kwenye mashine, nauanzia kwenye pua, kwa sababu hizi njia karibu zote zinafanya kazi, ila kila moja kwa tatizo lake, na ukikosea tatizo hata mashine ya bei mbaya haikusaidii kitu.

Kinachonuka ni gesi inaitwa haidrojeni salfaidi, H2S. Inaingia kwenye maji kwa njia kubwa mbili. Ya kwanza ni ardhi yenyewe, kuna miamba na udongo wenye salfa nyingi, hasa sehemu zenye mawe ya tabaka tabaka, makaa ya mawe, mafuta au mimea iliyooza chini kwa chini, maji yakikaa humo yanatoka na gesi. Ya pili ni bakteria ambao hawataki oksijeni kabisa, wanaishi kwenye giza la kisima na mabomba na matenki, wanachukua salfeti iliyoko kwenye maji (ambayo yenyewe haina harufu yoyote) wanaigeuza kuwa hiyo gesi. Hawa bakteria wenyewe kwa kawaida hawaleti ugonjwa, ila wanaacha ute mweusi unaoteleza. Funua mfuniko wa tenki la kuflashia chooni upitishe kidole ukutani kwa ndani, chini ya mstari wa maji, kidole kikitoka na kitu cheusi kama masizi yaliyochanganywa na sabuni, ujue wapo, na kama maji yako yana chuma pia huo weusi unakuwa mwingi zaidi.

Je, yanadhuru? Kwa viwango vya kawaida vya maji ya nyumbani ni kero zaidi kuliko hatari. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha kiafya cha hii gesi kwenye maji ya kunywa, linasema ladha na harufu yake zinajulikana kuanzia miligramu 0.05 hadi 0.1 kwa lita, yaani pua na ulimi vinakukatalia kabla hujanywa kiasi cha kukuumiza. Kinachoumia haraka ni vitu: vijiko vya fedha vinakuwa vyeusi, mabomba ya shaba yanaliwa, chai inabadilika rangi. Lakini kuna "lakini" mbili. Harufu ikianza ghafla kwenye kisima ambacho hakikuwa nayo, au ikifanana zaidi na choo kuliko mayai, hapo usiwaze filta kwanza, peleka maji yakapimwe bakteria wa kinyesi na naitreti, maana maji taka yanaweza kuwa yamepata njia. Lakini ya pili nitaisema nikifika kwenye kisima chenyewe, na hiyo ndo inaua.

Pima kwa pua kabla ya pesa

Chukua glasi, ijaze maji ya baridi, halafu toka nayo nje, usinuse hapo kwenye sinki. Nasema toka nje kwa sababu mara nyingi kinachonuka ni tundu la sinki, uchafu na nywele na mafuta vimeoza humo, maji yakianguka yanasukuma hewa juu unadhani ni maji. Kama nje glasi hainuki, umeshamaliza, safisha tundu la sinki, habari ya kisima iache.

Kama inanuka, rudia na maji ya moto. Ya moto yananuka na ya baridi hayanuki: shida iko kwenye hita, na pesa yoyote utakayotumia kisimani umeitupa. Yote mawili yananuka: angalia muda. Ikiwa harufu ni kali asubuhi au mkitoka safari, halafu ukiacha koki wazi dakika kadhaa inapungua au inaisha, hao ni bakteria wa kwenye kisima au kwenye mabomba, gesi imejikusanya maji yalipokuwa yametulia. Ikiwa unaacha koki wazi nusu saa na harufu iko pale pale haipandi haishuki, gesi inatoka ardhini na maji, hiyo haifi kwa dawa, inabidi uitoe kila siku ya Mungu. Na kama una mashine ya kulainisha maji (ile ya kuondoa ugumu wa maji), nusa yanayoingia na yanayotoka, kama yanayotoka tu ndo yananuka basi bakteria wamejenga humo ndani.

Halafu pua inachoka. Ukikaa na hii harufu kwa muda unaacha kuisikia, kwa hiyo mpe glasi mtu ambaye ndo kwanza anaingia mlangoni, jirani, mgeni, mtoto aliyetoka shule, huyo ndo kipimo chako, wewe mwenye nyumba ushazoea.

Sasa kiasi. Hapa pua haitoshi, unahitaji namba, na namba ya hii gesi ni ngumu kidogo kuipata kwa sababu inakimbia. Ukichota chupa ukaipeleka maabara kesho yake, gesi imeshatoka, wanakuletea karatasi imeandikwa karibu sifuri na wewe nyumbani unaziba pua. Ipimwe hapo hapo kisimani kwa kifaa cha kupimia, au uombe chupa maalumu ya maabara yenye kemikali ya kuishikilia. Katika safari hiyo hiyo pima pia pH (kipimo cha uchachu wa maji, 7 ni katikati), chuma, manganizi na salfeti, maana chaguo lako lote huko chini linategemea hizo. Mtu anayekuuzia mashine bila kuuliza pH anabahatisha, na anabahatisha kwa pesa yako.

Hita: kupandisha joto, kubadilisha fimbo, au kuing'oa

Ndani ya hita nyingi za tenki kuna fimbo ya chuma laini, mara nyingi ya magnesiamu, kazi yake ni kuliwa na kutu ili tenki lisiliwe. Inaitwa anodi. Shida ni kwamba hiyo magnesiamu ikiwa inaliwa inawarahisishia kazi wale bakteria wa kugeuza salfeti kuwa gesi, na maji ya uvuguvugu ndo makao wanayoyapenda, hasa kama hita imekaa muda bila kutumika.

Kuna watu watakwambia ing'oe tu hiyo fimbo uzibe tundu. Ni kweli harufu inaweza kupungua, ila umekubali tenki lioze mapema na waranti kwa kawaida inakufa siku hiyo hiyo, mimi sioni maana yake. Kati ya hizi tatu naanza na joto: pandisha hita hadi nyuzi 70 hivi za Selsiasi, iache masaa kadhaa, halafu fungua koki za moto zote maji yatoke hadi tenki lisafike. Inaua bakteria na haikugharimu zaidi ya umeme. Masharti mawili tu, ile valvu ya kupumulia presha lazima iwe nzima (kama hujui iko wapi, usipandishe), na kila mtu nyumbani ajue kwamba maji ya siku hiyo yanaunguza ngozi mara moja, watoto wasikaribie. Ukimaliza rudisha joto lilivyokuwa.

Harufu ikirudi baada ya hapo, ndo ubadilishe fimbo, uweke ya aluminiamu yenye zinki. Ni kazi ya fundi mwenye spana kubwa, na fimbo ikitoka usishangae kukuta imebaki waya tu. Ikishindikana hiyo pia kuna fimbo ya umeme, haiyeyuki, inalinda tenki kwa mkondo mdogo wa umeme, ni ghali kidogo kwa kuanzia lakini kwa mtu ambaye salfeti yake iko juu sana nadhani ndo inayomaliza mjadala. Wenye hita ya papo kwa papo isiyo na tenki sehemu hii ruka, hamna fimbo huko.

Kupiga klorini kisima mara moja, au kuweka mashine ya kudumu?

Swali hili linaamuliwa na ule mtihani wa koki. Kama harufu inaisha maji yakikimbia, bakteria, basi klorini nyingi ya mara moja ina maana. Kama haiishi, gesi ya ardhini, klorini ya mara moja itakupa siku mbili tatu za raha halafu mnarudi pale pale, kwa sababu hujaua chanzo, mwamba hauuliwi.

Watu wanakosea kipimo huku, wanamwaga kwa macho. Hesabu yenyewe si ngumu. Unataka klorini kama miligramu 100 kwa lita ya maji yaliyomo kisimani. Chukua kisima cha bomba chenye upana wa sentimita 15 na maji yenye kina cha mita 30: nusu ya upana ni mita 0.075, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.14, zidisha kwa 30, unapata mita za ujazo 0.53, yaani lita 530 hivi. Lita 530 kwa miligramu 100 ni gramu 53 za klorini. Jiki ya asilimia 5 ina kama gramu 50 kwa lita, kwa hiyo lita moja na kidogo inatosha. Sasa linganisha na kisima cha kuchimba kwa mkono chenye upana wa mita 1 na maji ya mita 3 tu: ni lita kama 2,350, kinahitaji karibu lita 4.7 za jiki hiyo hiyo. Kifupi lakini kipana kinakula dawa mara nne zaidi, ndo maana kipimo cha jirani yako hakikuhusu. Ongeza kidogo kwa ajili ya maji ya kwenye mabomba na tenki la hita.

Jiki iwe mpya na isiwe ile yenye manukato, ya zamani inapoteza nguvu ikikaa. Na usizidishe ukidhani ndo itafanya kazi zaidi, ukipita miligramu 200 kwa lita pH inapanda na klorini inapungua makali yake, unatumia dawa nyingi kwa matokeo madogo. Ichanganye kwanza kwenye ndoo ya maji, mimina kisimani, kama ni kisima cha bomba tumia mpira wa bustani kurudisha maji ya kisima juu yazunguke na kuoshea kuta, halafu fungua koki moja moja ndani ya nyumba, ya baridi na ya moto, hadi unuse klorini, funga, acha masaa 12 hadi 24. Filta za kaboni na mashine ya kulainisha maji zipitishe pembeni, maji hayo yasizifikie. Kesho yake toa maji kwa mpira wa nje, mbali na mimea na mbali na shimo la choo, hadi harufu ya klorini iishe. Hakuna kunywa hadi hapo. Na klorini usiichanganye na asidi ya kusafishia choo wala dawa yoyote yenye amonia, inatoa gesi mbaya kuliko hiyo unayoikimbia.

Ile "lakini" ya pili sasa. Wenye visima vya kuchimba, usishuke kisimani kukisafisha eti kwa sababu kinanuka, na usimteremshe mtu. H2S ni nzito kuliko hewa, inakaa chini, na ikifika kama sehemu 100 kwa milioni kwenye hewa pua inakufa ganzi, huisikii tena, unadhani imeisha kumbe ndo imezidi. Mtu anaanguka bila kupiga kelele, wa pili anashuka kumwokoa naye anaanguka, hivi ndivyo familia moja inavyopoteza watu wawili watatu kwa asubuhi moja. Dawa inamwagwa ukiwa juu. Kama lazima mtu ashuke, ni kazi ya watu wenye kipima gesi, hewa ya kupumulia na kamba, si kazi ya kijana mwenye nguvu.

Klorini ya mara moja inashikilia muda gani? Kwa wengine miezi mingi, kwa wengine wiki kadhaa bakteria wamerudi, kwa sababu ute unawaficha na klorini haiwafikii wote. Kama unajikuta unarudia rudia, acha, hiyo ni dalili kwamba unahitaji kitu cha kudumu.

Kaboni au hewa, kwa harufu ndogo na ya wastani

Hapa ndo penye mvutano mkubwa, na hapa ndo watu wanapopigwa.

Filta ya kaboni ni rahisi kupenda. Ndogo, haina kelele, haina kemikali, unaifunga kwenye bomba maisha yanaendelea. Ila uwezo wake kwa H2S ni mdogo, ya kawaida ni ya harufu ya chini ya miligramu 0.3 kwa lita, ile harufu ya "nahisi kuna kitu" si ile ya kuziba pua. Inanyonya gesi hadi inajaa, na ikijaa haikwambii, siku moja tu harufu imerudi. Halafu kaboni iliyojaa ni kitanda kizuri cha bakteria, ukiiacha bila kubadilisha unaweza ukawa unakunywa maji machafu kuliko yaliyoingia. Kuna kaboni nyingine wanaiita ya kikatalisti, hii inaichoma gesi, yaani inaigeuza kwa oksijeni, badala ya kuinyonya tu, inavumilia zaidi, ila inataka oksijeni iwepo kwenye maji, na maji ya chini kabisa ya kisima kwa kawaida hayana oksijeni. Kwa hiyo ukiambiwa "weka hii ya kikatalisti tu imeisha", uliza oksijeni inatoka wapi.

Kupitisha hewa, yaani kuyarusha maji hewani ili gesi iondoke, haina muonekano wa kisasa na ndo maana haiuzwi sana, lakini kwa maji ya chini ya miligramu 2 kwa lita mimi naiweka mbele ya kaboni bila kufikiri mara mbili. Haina cha kujaa wala cha kununua kila baada ya miezi. Namna rahisi kabisa: maji ya kisima badala ya kuingia tenki kwa bomba zima, yaingie kupitia kichwa kama cha bafu la manyunyu, yaanguke kwa matone kutoka juu, na tenki liwe na tundu la kupumulia lenye wavu wa kuzuia mbu na wadudu. Matone madogo, gesi inatoka haraka. Wenye tenki la juu tayari wana nusu ya mashine, wamebakiza manyunyu na wavu.

Hasara zake ni za kweli pia. Gesi uliyoitoa lazima iende mahali, kama tenki liko kwenye chumba kilichofungwa basi umehamisha harufu kutoka kwenye glasi kwenda kwenye chumba, na chumba hicho si salama, itoe nje. Kama unatumia presha ya pampu moja moja kwa moja hadi bombani, sasa utahitaji pampu ya pili ya kutoa maji tenkini. Kama kuna chuma, hewa itakigeuza kutu na maji yatakuwa na rangi ya chai hadi uweke filta ya mchanga baada ya tenki. Na pH ina neno kubwa hapa: kwenye pH 7 karibu nusu ya salfaidi iko kama gesi na nusu imeyeyuka kwa umbo lisilotoka hewani, kwenye pH 6 karibu yote ni gesi, kwenye pH 8 ni kama sehemu moja ya kumi tu. Maana yake mwenye pH 8 anaweza kurusha maji siku nzima na harufu ikabaki, akalaumu manyunyu, kumbe ni kemia tu. Huyo aende kwenye sehemu inayofuata.

Jaribio la bure kabla hujaamua: jaza ndoo nusu, mimina kwenye ndoo nyingine kwa juu juu, rudisha, fanya hivyo mara kumi na tano hivi, nusa. Harufu ikipungua sana, hewa itakufaa. Ikibaki karibu ile ile, usijisumbue na manyunyu.

Harufu kali: klorini ya kudumu, peroksaidi, au mchanga wa manganizi

Ukishapita miligramu 2 kwa lita, au pH iko juu, au una chuma kingi pamoja na harufu, unaingia kwenye kuichoma gesi kwa kemikali. Zote tatu zinafanya kitu kimoja, zinaigeuza H2S kuwa salfa ngumu au salfeti, tofauti iko kwenye usumbufu.

Klorini inadungwa kwa pampu ndogo kila pampu ya kisima ikiwaka. Kwa hesabu ya kemia kila miligramu 1 ya H2S inakula kama miligramu 2 za klorini ili igeuke salfa, ukitaka ifike hadi salfeti inakula zaidi ya 8. Inataka muda, kama dakika 20 maji yakae na klorini kabla hayajafika bombani, kwa hiyo unahitaji tenki la kusubiria. Hili ndo watu wanaliruka, wanaweka pampu ya dawa hapa na bomba la jikoni pale, halafu wanashangaa maji yananuka klorini na mayai kwa pamoja. Baada ya tenki unaweka filta ya kuchuja salfa iliyoganda (maji yanakuwa kama maziwa mepesi, usiogope) na kaboni ya kuondoa klorini iliyobaki. Faida yake kubwa kuliko zote ni kwamba inaua bakteria pia, wa salfa na wa tumboni, na dawa yake inapatikana kokote. Kama kisima chako kina historia ya bakteria, mimi sitafuti kingine.

Haidrojeni peroksaidi inafanya kazi haraka zaidi, uzito kwa uzito ni moja kwa moja, miligramu 1 kwa miligramu 1 kwa hesabu ya salfa, na ikibaki inavunjika kuwa maji na oksijeni, haiachi ladha. Tenki la kusubiria linaweza kuwa dogo sana. Kwa anayechukia ladha ya klorini ni raha tupu. Ila dawa yenyewe: ile kali ya asilimia 35 inaunguza ngozi ikawa nyeupe papo hapo na jicho ndo usiseme, nunua iliyopunguzwa kama asilimia 7, ikae kivulini maana joto linaivunja, na usitegemee kuipata kwenye duka lolote. Kama uko mbali na anayeiuza, siku itakapoisha harufu itarudi siku hiyo hiyo. Baada yake inawekwa ile kaboni ya kikatalisti, na hapa oksijeni si tatizo tena, peroksaidi yenyewe imeileta.

Mchanga wa manganizi, ule wa kijani uliopakwa manganizi, unachuja na kuchoma kwa pamoja, unafaa hadi kama miligramu 6 kwa lita, na unaondoa chuma na manganizi humo humo. Ukiwa na hayo matatu kwa pamoja unavutia sana. Lakini unataka kuoshwa kwa maji mengi yenye kasi, kama kisima chako kinatoa maji polepole hautaoshwa vizuri na utaganda, na ule wa kawaida unachajiwa kwa permanganeti ya potasiamu, unga wa zambarau ambao ni sumu ukinywewa na ukigusa unaacha mikono ya kahawia siku kadhaa. Kipimo kikizidi unafungua koki yanatoka maji ya waridi. Na usiuchanganye na peroksaidi, manganizi inaivunja peroksaidi kabla haijafanya kazi na mchanga wenyewe unaharibika.

Ukiniuliza mimi kwa nyumba ya kawaida yenye harufu kali: bakteria wapo, klorini. Bakteria hawapo na dawa inapatikana kirahisi, peroksaidi. Chuma kingi na kisima chenye nguvu, mchanga. Ozoni ipo pia na inafanya kazi vizuri, ila ni mashine nyingi kwa nyumba moja, na umeme ukikatika nayo imekatika.

Vitu vinavyonunuliwa bure

Mashine ya kulainisha maji haiondoi H2S, tena salfa inaiziba resini yake. Ile mashine ya utando ya chini ya sinki inazuia chumvi na salfeti, lakini gesi inapita kwenye utando kama haupo. Filta ya jagi ni kaboni kidogo sana, kwa harufu ya kweli ni wiki yenye raha tu. Kuchemsha kunaitoa gesi, ni kweli, fungua dirisha, ila kwa maji ya kunywa peke yake, huwezi kuchemsha maji ya kuoga na kufulia ya nyumba nzima, na salfeti inabaki ile ile, na salfeti ikiwa nyingi inaharisha, hasa watoto.

Kuchimba kingine?

Kuna wanaochoka wanaamua bora kisima kipya. Kabla ya hapo kumbuka maji ya tabaka lile lile yananuka vile vile hata ukichimba upande wa pili wa uwanja, na kwenda chini zaidi hakukuhakikishii, pengine ndo unakutana na salfa zaidi. Kinachosaidia ni kujua harufu inaingia kwenye kina gani: kama mchimbaji ana kumbukumbu za matabaka aliyopita, tabaka lenye salfa linaweza kuzibwa kwa bomba zima na saruji, maji yakachukuliwa juu yake au chini yake. Kama kumbukumbu hizo hazipo, waulize majirani wenye visima vya kina tofauti, kila mmoja akupe glasi, unuse nje ya nyumba, uandike kina cha kisima na harufu yake, na hiyo karatasi umpelekee mchimbaji kabla hajawasha mashine.